Barua ya wazi kwa wanaosimamia kompyuta za hospitali zetu Lubumbashi

Lubumbashi, Haut-Katanga

Kwa Mkurugenzi wa hospitali ninakofanya kazi na kamati yake ya uongozi. Kwa waganga wakuu wa zoni za afya za mji wetu. Na kwa kila mwenye mamlaka ya kutia sahihi mkataba wa programu za hospitali katika mkoa huu

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni muuguzi wa pediatri katika mojawapo ya hospitali za mji huu, na zamu zangu nyingi ni za usiku. Jina langu mnalo: liko chini ya barua tulizokwisha kuwaandikia, mimi na wenzangu. Hapa siliweki, na hospitali siitaji, kwa kuwa wagonjwa wetu ni watu wa mitaa ya jirani, na atakayenitambua mimi atawatambua na wao.

Sikukimbilia hadharani. Nilianza kwa mkuu wa huduma yangu, kwa mdomo, nikimweleza kasoro za programu ya kompyuta iliyowekwa hospitalini kwetu. Kisha tukaandika, tukatia sahihi, tukapeleka nakala kila palipostahili. Tulijibiwa kwamba programu ni mpya, watu bado wanaizoea, tuwe na subira. Subira tumekuwa nayo. Sasa tumeambiwa kwamba mfumo huu huu, bila kubadilishwa kitu, unatayarishwa kupelekwa kwenye hospitali nyingine na vituo vya afya. Ukishaenea, nani atakubali kuufungua upya? Ndiyo maana naandika leo.

Sitaki turudi kwenye makaratasi peke yake, na naomba hilo lisisahaulike mtakaposoma yaliyobaki. Mama wa mtoto wa SS (ugonjwa wa selimundu) anakuja kwetu mara nyingi kwa mwaka. Fishi yake ya karatasi imelowa mvua, au imebaki kwa bibi yake Kipushi, au imepotea ndani ya chumba chetu cha kumbukumbu ambamo makatoni yamepangwa hadi dari. Tunamuuliza mtoto ameongezewa damu mara ngapi, lini, mwili uliipokeaje, naye anajibu anavyokumbuka huku amembeba mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa. Kompyuta iliyopangwa vizuri ingenipa majibu hayo kabla sijamaliza kumpima joto. Tuliihitaji kweli. Imeletwa, lakini imetengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Mtu huyo ni mhasibu. Mfumo ulianza kuchorwa kwenye dirisha la malipo, ukaishia kwenye ripoti ya mwisho wa mwezi, na aliye kitandani pamoja na anayemhudumia usiku hawakuulizwa chochote. Hayo sita nitakayoyaeleza yanatoka hapo.

1. Kusajiliwa na kulipa kumewekwa mbele ya kutibiwa

Programu haifungui fishi ya mtoto mpaka asajiliwe mapokezini, na haipitishi agizo la dawa wala la maabara mpaka bono lake, yaani karatasi ya malipo, lionekane limelipwa. Mchana watu wanapanga mstari na kazi inasogea. Usiku karani ni mmoja kwa hospitali nzima, na mara nyingine ameitwa upande wa wazazi, kwa akina mama wanaojifungua. Mtoto anafika na degedege, macho yamegeuka, mama anasema: “Munganga, mutusaidie kwanza, baba yake iko naleta makuta.” Zamani nilifungua kabati ya dharura, nikadunga, nikaandika kwenye rejesta, na hesabu ikafuata asubuhi. Kabati hiyo imeondolewa, kwa maelezo kwamba sasa programu ndiyo inayotunza stoki, na dawa isiyo na bono haitoki famasi.

Mjue tunafanya nini badala yake. Tunachukua dawa ya mtoto aliyelazwa, ambayo wazazi wake wamekwisha kuilipia, tunampa anayefika, kisha tunahangaika kuirudisha kabla ya saa ya dozi ya yule wa kwanza. Deni hilo halina mahali pa kuandikwa. Kwenye skrini mtoto wa kwanza ameonekana kupata dawa aliyokuwa hajaipata, na wa pili ameonekana hajapata aliyokwisha kudungwa. Stoki mnayoisoma ofisini asubuhi si stoki iliyo kwenye kabati.

Malaria kali ya mtoto haingoji. Artesunate ya sindano, mtoto aliye chini ya kilo 20 anapewa miligramu 3 kwa kila kilo ya mwili, na kuanzia kilo 20 anapewa miligramu 2.4, anapewa anapofika, masaa 12 baadaye, na tena yanapotimia masaa 24. Muuguzi wa zamu anahitaji basi mambo mawili kutoka kwenye mashini: uzito wa mtoto, na saa ya dozi inayofuata. Programu yetu ina nafasi ya bei ya bomba la sindano na nafasi ya bei ya glavu. Uzito tunauandika ndani ya kisanduku cha maoni, mahali ambapo hakuna hesabu inayoweza kuusoma. Saa ya dozi tunaiandika kwa kalamu kwenye plasta iliyobandikwa kitandani.

Hatari ya mpangilio wa namna hii imekwisha kupimwa kwingine, kwenye umeme wa uhakika na pesa za kutosha. Hospitali ya watoto ya Pittsburgh, Marekani, ilianzisha mfumo wa kuagiza dawa kwa kompyuta mwaka 2002, kwa muda wa siku chache. Mwaka 2005 waganga wake wenyewe walichapisha matokeo: kati ya watoto waliohamishiwa kwao kutoka hospitali nyingine, vifo vilipanda kutoka asilimia 2.80 hadi asilimia 6.57 baada ya mfumo kuanza. Miongoni mwa sababu walizozitaja ni hii: zamani maagizo yalianza kutayarishwa mtoto akiwa bado njiani, lakini mfumo mpya haukupokea agizo lolote mpaka mtoto awe amefika na kusajiliwa. Hospitali ya watoto ya Seattle iliweka programu ya kampuni hiyo hiyo, lakini yenyewe ilikuwa imejipanga vingine, maagizo ya kawaida yakiwa yametayarishwa mapema, na vifo havikupanda. Someni kisa hicho hadi mwisho, Waheshimiwa, kwa sababu kinawatetea hata ninyi: kosa halikuwa la kompyuta. Kosa lilikuwa kuifanya kompyuta ishike mlango ambao mgonjwa wa dharura lazima aupite.

2. Watoto wetu wanapotea ndani ya majina yao

Ngoy, Ngoie, Ngoyi. Mwamba, Muamba. Kyungu, Kiungu. Kila mzaliwa wa mji huu anajua kwamba mtu mmoja anaweza kuandikwa kwa namna zote hizo, kutegemea karani aliyeshika kalamu siku hiyo. Programu inatafuta herufi kwa herufi. Isipomwona mtoto, karani anamfungulia fishi mpya, na mstari unaendelea. Tunao watoto wa SS wenye fishi zaidi ya moja: kundi la damu liko kwenye hii, homa aliyoipata baada ya kuongezewa damu iko kwenye ile, na anayeifungua moja hana ishara yoyote kwamba nyingine ipo.

Kinyume chake kinatisha zaidi. Watoto wawili wenye jina moja na mwaka mmoja wa kuzaliwa wanaunganishwa kwa kubofya mara moja, na matokeo ya maabara ya huyu yanaonekana kwa yule. Ilitokea kwetu. Muuguzi mwenzangu aliligundua kabla damu haijatundikwa, kwa kuwa alimjua mama kwa sura. Tuliliandika katika barua yetu ya kwanza, na hakuna aliyekuja kuuliza.

Tusiwalaumu makarani. Programu inadai tarehe kamili ya kuzaliwa, na mama anakumbuka kwamba ilikuwa majira ya maembe. Basi karani anaweka 1 Januari ili skrini impe njia. Fungueni orodha yenu mhesabu ni watoto wangapi wamezaliwa 1 Januari. Inadai namba ya simu, na simu ya nyumba ni ya baba, naye yuko Kolwezi anatafuta kazi ya mgodi. Inadai namba ya kitambulisho, katika nchi ambayo raia wengi wanajitambulisha kwa kadi ya mpiga kura, kadi ambayo mtoto hana.

Kutafuta majina kwa jinsi yanavyosikika si jambo jipya: njia inayoitwa Soundex ilipewa hataza Marekani mwaka 1918. Ile ilipangwa kwa masikio ya Kiingereza, kwa hiyo sisi tunahitaji ya kwetu, na watu wa kuitengeneza wanasoma hapa hapa, kwenye vyuo vyetu vya Lubumbashi, na majina haya wanayajua kwa sababu ndiyo yao. Namba moja ya hospitali kwenye kadi ya mtoto, jina la mama, avenyu na kartie, na umri wa kukadiria unaotajwa wazi kwamba umekadiriwa: hivyo vingetosha kuanzia.

3. Umeme ukikatika, mgonjwa anafutika

Hakuna anayeishi katika komini zetu za Katuba, Kenya au Ruashi anayehitaji kuelezwa kuhusu umeme. Katika miezi ya mvua kuna na radi, ambazo zimekwisha kuunguza vifaa katika majengo mengi ya mji huu. Pamoja na hayo, mfumo wetu unategemea seva iliyo mbali, nje ya mji, na kila skrini inahitaji umeme na mtandao kwa wakati mmoja. Kimoja kikikosekana, siwezi hata kusoma niliyoyaandika saa moja iliyopita. Grupu (jenereta) inawashwa kwa ajili ya chumba cha upasuaji, na hiyo ni haki yake.

Usiku wa namna hiyo tunaandika kwenye madaftari ya shule tunayoyanunua wenyewe. Hakuna fomu rasmi ya karatasi ya kutumia mfumo ukizima, na hakuna aliyepewa kazi ya kuyaingiza maandishi hayo umeme ukirudi. Kwa hiyo kumbukumbu za wagonjwa wetu zina mashimo, na mashimo hayo yanaangukia saa zile zile ambazo watoto wamezidiwa zaidi.

Msituambie kwamba haiwezekani vinginevyo. Programu ya simu ya DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ambao Wizara yetu yenyewe inautumia, inahifadhi data ndani ya kifaa bila mtandao na kuzituma mtandao unapopatikana. Seva ndogo ndani ya hospitali, batri, paneli za jua, na kompyuta za mkononi zinazokaa na chaji: hivyo ni vitu vinavyouzwa mjini.

4. Kazi moja inafanywa mara tatu

Hapa nitakuwa mfupi. DHIS2 ilikuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo pamoja na washirika wake, inatumika katika nchi zaidi ya 70, na ndiyo inayobeba takwimu za afya za zoni zetu 519 kwa nchi nzima. Programu yetu haiongei nayo. Muuguzi anaandika kwenye rejesta, anaandika tena kwenye programu, kisha mwisho wa mwezi mwenzake anahesabu mistari ya rejesta kwa kidole ili ajaze karatasi ya ripoti, itakayoingizwa DHIS2 na mtu wa tatu. Kipindupindu kinapoanza katika kartie, ripoti ni ya kila juma na haingoji mwisho wa mwezi, na hesabu ni ile ile ya kidole. Masaa hayo yanatoka kwa wagonjwa. Hayatoki mahali pengine popote.

5. Siri za wagonjwa ziko wazi

Huduma yetu nzima inatumia jina moja la kuingilia na neno moja la siri. Tuliomba kila mtu apewe lake. Tuliambiwa leseni zinalipiwa kwa kila mtumiaji. Matokeo yake, hakuna anayeweza kujua nani alifuta nini au nani alisoma fishi ya nani. Aliyehama kazi bado anaweza kuingia.

Jambo baya zaidi ni hili. Bono la malipo linaonyesha jina la kipimo, na dirisha la malipo liko kwenye korido ambayo majirani wanapanga mstari. Mama anayempeleka mtoto kupimwa virusi vya UKIMWI anasomewa kipimo hicho mbele ya watu wa mtaa wake. Wako waliogeuka wakaenda zao. Nawajua, na watoto wao nawajua.

Nchi hii haina upungufu wa sheria juu ya jambo hili. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda maisha ya faragha ya kila mtu. Sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 inalinda haki za watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ile tunayoiita Code du numérique, inalinda data za watu. Hospitali iliyoweka kompyuta baada ya sheria hizo ilikuwa na wajibu wa kuzisoma kabla ya kununua.

Na msidhani kwamba hatari hiyo ni ya nchi maskini peke yake. Finland, mwaka 2020, ilijulikana kwamba mafaili ya wagonjwa wapatao 33,000 wa kampuni ya tiba ya akili iitwayo Vastaamo yalikuwa yameibiwa, na mwizi akawaandikia wagonjwa mmoja mmoja akidai pesa asije akatangaza waliyomwambia mganga wao. Kampuni hiyo ilifilisika mwaka uliofuata. Kule kulikuwa na polisi wa kompyuta na mahakama zilizomfikia mhalifu. Mama wa Ruashi atamlalamikia nani?

6. Hatujui data za watoto wetu ni za nani

Mkataba hatujauonyeshwa. Tumeuliza maswali ya kawaida kabisa. Seva iko nchi gani? Hospitali ikiacha kulipa, tutapewa kumbukumbu zote, na kwa muundo ambao programu nyingine inaweza kuusoma? Kuna nakala ya akiba, na je, imewahi kujaribiwa kurejeshwa? Kampuni inaruhusiwa kuuza takwimu zinazotokana na wagonjwa wetu? Maswali yote hayo bado hayana jibu.

Tuna sababu ya kuogopa. Januari 2025 Marekani iliposimamisha ghafla misaada yake ya nje, kazi za UKIMWI katika mkoa wetu zilitikiswa, kwa sababu zilikuwa zimeegemea kwa kiasi kikubwa pesa hizo. Tulijifunza kwamba uamuzi unaofanywa mbali sana unaweza kufika hadi kwenye meza ya karani anayeingiza data. Mkataba wa kompyuta unapaswa kuandikwa na mtu anayefikiria siku ambayo mfadhili ameondoka na kampuni imefunga ofisi.

Sasa, Waheshimiwa, najua mtakayonijibu, kwa kuwa mengine mmekwisha kutujibu.

Mtasema wagonjwa wasipolipa kwanza hawatalipa kabisa, na hospitali itakufa. Hili nalichukulia kwa uzito, kwa sababu hata prime (nyongeza ya mshahara) yetu sisi wauguzi inatoka kwenye dirisha hilo hilo, na naujua mwezi ambao dirisha halikuingiza kitu. Lakini kazi ya kompyuta ni kukumbuka deni. Ikumbuke kwamba mtoto huyu alipewa artesunate saa nane usiku, ya bei fulani, na familia itakaa na mhasibu asubuhi. Kuhakikisha malipo kwa kumshikilia mtoto mlangoni hakuhitaji kompyuta. Hata mlinzi angeweza kufanya hivyo.

Mtasema wauguzi wanaogopa mashini. Sisi sote tunatuma na kupokea makuta kwa M-Pesa na Airtel Money kila siku, hata mama zetu wa sokoni ambao hawakumaliza shule. Tunalolikataa ni programu inayotuongezea kazi bila kumwongezea mgonjwa kitu.

Mtasema pesa za kurekebisha hazipo. Kurudisha kabati ya dharura hakuna gharama. Kuweka kisanduku cha uzito hakumalizi bajeti ya mwaka. Na pesa nyingi peke yake hazingetuokoa: Uingereza ilianzisha mwaka 2002 mpango mkubwa wa kompyuta kwa huduma yake yote ya afya, ikatumia mabilioni ya pauni, na mwaka 2011 serikali ikatangaza kuuvunja. Lawama iliyorudiwa sana ni kwamba mambo yaliamuliwa juu bila kuwasikiliza wanaotibu. Kwetu pia waliozunguka kuonyesha programu walipita ofisi za utawala. Pediatri waliingia siku ya kufunga nyaya.

Na mtasema aliyechagua ni mfadhili. Sahihi iliyo chini ya mkataba si ya mfadhili peke yake.

Tunayoyaomba ni haya, na tumeyapanga kufuatana na uharaka.

Kabla ya juma kwisha, kabati ya dharura irudi pediatri, kwa wazazi na kwenye chumba cha dharura, ikiwa na orodha yake na rejesta yake, na ipewe nafasi ndani ya programu kama stoki inayojitegemea. Pamoja nayo, muuguzi aweze kumwandikisha mtoto mwenyewe, kwa namba ya muda, bila karani na bila bono, na maabara ipokee agizo hilo. Jina la kipimo liondolewe kwenye karatasi ya malipo. Namba inayosimama badala ya jina hilo inatosha kwa mhasibu.

Ndani ya mwezi mmoja, kila mfanyakazi awe na neno lake la siri, na kila mmoja aone yale tu yanayohusu kazi yake. Karatasi rasmi za usiku wa giza zichapishwe, na mtu atajwe kwa cheo chake wa kuziingiza asubuhi. Fishi zilizojirudia zitafutwe na kuunganishwa na mtu wa kumbukumbu akiwa na muuguzi pembeni yake, na kitufe cha kuunganisha kiondolewe kwa wengine wote.

Kupeleka mfumo huu hospitali nyingine kusimamishwe mpaka mambo hayo yaonekane yamefanyika. Kabla ya kutia sahihi mkataba mwingine wowote, iundwe kamati yenye wauguzi wa zamu ya usiku, watu wa maabara na famasi, makarani wa mapokezi, mtu wa takwimu wa zoni, na wazazi wa watoto wanaolazwa mara kwa mara. Wakae na watengenezaji wa programu, waifuate njia ya mtoto mmoja kutoka getini hadi anapotoka, na neno lao liwe na nguvu ya kusimamisha ununuzi. Programu ziwe zinaweza kupeleka takwimu DHIS2 zenyewe. Zipo programu za hospitali ambazo msimbo wake ni wa wazi, kama OpenMRS, iliyoanza mwaka 2004 na inayotumika katika nchi nyingi za Afrika. Tunataka zilinganishwe kwa haki na zile za kulipia.

Mwisho, mkataba uliopo uonyeshwe kwa wafanyakazi, angalau sehemu zinazohusu umiliki wa data, mahali zilipo, nakala za akiba na jinsi ya kuondoka. Na jaribio la kurejesha nakala ya akiba lifanyike mbele yetu.

Ibara ya 27 ya Katiba inampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya serikali, peke yake au pamoja na wengine, na inayataka mamlaka kujibu ndani ya miezi mitatu. Inakataza pia mtu kushitakiwa kwa ajili ya kufanya hivyo. Barua hii ni ombi la aina hiyo. Wenzangu waliotia sahihi za kwanza wamesoma kila mstari wa barua hii na wanabaki na sahihi zao.

Tuko tayari kwa kikao. Tunaomba kifanyike pediatri, kuanzia saa mbili usiku, na aliyetengeneza programu awepo.

Kwa heshima,

Muuguzi wa pediatri, Lubumbashi

Nakala: kwa wafanyakazi wa hospitali zote ambazo mfumo huu unatayarishwa kupelekwa